Mama wa Saa Kumi na Mbili

Kazi yangu ni kuwakutanisha watu ambao hawajawahi kuonana. Watu wengi hudhani kwamba katuni ikiingizwa sauti za Kiswahili, basi mama na mtoto na jirani mwenye mbwa huwa wamekaa meza moja wanaongea. Wapi! Watoto huja Jumamosi asubuhi, kwa sababu hakuna shule. Watu wazima huja siku za kazi. Kila mmoja huingia peke yake kwenye kibanda chenye kuta za sponji, akavaa hedifoni, akatazama midomo ya katuni kwenye skrini na kusema maneno yake. Mimi nakaa upande wa pili wa kioo. Sauti ikikaa vizuri nagonga kioo kwa kalamu mara mbili, maana yake imepita. Isipokaa nasema "Bado," naye anarudia. Mwisho wa wiki nazipanga sauti zote kwenye mashine, na hapo ndipo mama anapokutana na mwanawe.

Wananiita Fundi. Nina sifa ya ukali na siikatai. Anayeingia kwenye kibanda changu na bangili zinazolia namvua mwenyewe. Anayekuja ametoka kutafuna karanga namrudisha akasukutue. Kuna mwigizaji mmoja mkubwa, mwenye mwili na jina, niliyemtoa nje kwa sababu tumbo lake lilikuwa linanguruma. Alirudi kesho yake ameshiba.

Kipindi chetu kiliitwa Nyumba ya Kona. Kilikuwa cha familia hasa: hakuna tusi, hakuna ngumi, hakuna jambo la kumfanya baba ajikohoze na kuomba rimoti. Kilionyeshwa kila siku saa kumi na mbili jioni, Jumapili kipya na siku nyingine marudio. Mtoto wa miaka saba, ambaye kwa Kiswahili tulimwita Kitukutu, anafanya kosa. Anavunja kitu, anadanganya, anaiba biskuti za jirani, halafu anatoroka kwenda kujificha. Mwishoni mama yake anasimama mlangoni na kusema: "Ukikosea, rudi nyumbani. Mlango uko wazi." Muziki, majina, kwisha.

Maneno hayo yaliingia watu kwenye damu. Walimu waliyaandika ubaoni. Niliyakuta yamechapwa kwenye fulana na kwenye jalada la daftari. Mlevi mmoja wa mtaani kwetu aliyafanya ndiyo hodi yake kwa mkewe, ingawa mkewe alikuwa na maoni mengine kuhusu huo mlango.

Sauti ya mama huyo ilikuwa ya mwanamke mmoja tangu sehemu ya kwanza. Zamani alikuwa mwalimu wa chekechea. Jina lake halisi lilisahaulika. Kila mahali alikuwa Mama wa Saa Kumi na Mbili. Sokoni wenzake walimpisha achague nyanya kwanza. Wazazi walimletea watoto wao watundu awaseme kidogo, na mtoto akisikia ile sauti ikitoka kwa mtu wa kweli alinyooka palepale. Nami nilimwita dada, kwa sababu alinizidi miaka sita.

Dada alikuwa na binti mmoja tu, aliyemlea peke yake baada ya mumewe kufariki. Alimwita Kengele, kwa sababu siku aliyozaliwa alilia mpaka wauguzi wa wodi ya pili wakaja kuuliza kuna nini. Hakuna mtu mwingine aliyelitumia jina hilo. Mimi nililijua kwa kuwa kila siku, kabla ya kurekodi, alisimama kwenye korido yetu na simu sikioni: "Kengele, umekula? Umefunga dirisha?"

Miaka kumi iliyopita, Kengele akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, alipata mimba. Asubuhi mama yake alipojua, alimfungashia nguo kwenye begi la shule, akaliweka nje, akamtoa na yeye, akafunga mlango. Kisha akaja kazini. Aliingia saa tatu kamili kama kawaida yake. Ilikuwa sehemu ya sitini na nane, na yale maneno ya mwisho aliyasema mara moja tu, bila kurudia. Sijawahi kuyasikia yakitoka vizuri vile. Yalikuwa na kitu ndani yake, kizito, ambacho hata mimi kilinishika. Nikagonga kioo mara mbili nikamwambia, "Leo umejipita, dada." Akasema asante, akachukua mkoba akaondoka.

Habari yenyewe niliipata baada ya wiki, kutoka kwa jirani yake. Ndipo nilipojua kile kitu kilikuwa nini. Huko kugonga kioo sijajisamehe mpaka leo.

Nilimuuliza mara moja. Akanijibu bila kunitazama: "Watu watanionaje, Fundi? Kila jioni nawalelea wengine watoto wao, halafu wangu mwenyewe kanishinda?" Mimi ninayewafokea watu kwa karanga, siku ile nilikosa neno. Nikagundua kwamba ukali wangu wote unaishia kwenye bangili.

Mwaka huu nilianza kusikia mchanga kwenye sauti yake. Niliusikia kabla yake. Nilimrudisha mara tatu, mara nne, akaniuliza kama nimeanza kumchoka. Nikamwambia aende akaangaliwe koo. Alirudi na bahasha, akaiweka juu ya mashine yangu, mahali ambapo simruhusu mtu kuweka hata kikombe. Kulikuwa na uvimbe mbaya. Daktari alisema kisanduku chote cha sauti lazima kitolewe, akampa wiki sita za kujiandaa. Ataishi, ila hataongea tena.

"Zimebaki sehemu ngapi?" aliniuliza.

"Kumi. Halafu Nyumba ya Kona imekwisha, hakuna nyingine."

"Basi namaliza."

Wiki hiyohiyo, mvulana aliyekuwa sauti ya Kitukutu alibalehe. Jumamosi moja alituaga ni mtoto, iliyofuata kaja anaongea kama mlinzi wa benki. Tukatuma tangazo kwenye shule za jirani. Walikuja watoto ishirini na mmoja. Ishirini walisoma. Wa ishirini na moja, msichana wa miaka tisa mwenye pengo la jino, aliposema "Mama, nimekosea," mikono yangu ilisimama juu ya vifungo. Nilijua sauti ile imetoka wapi.

Nikatoka kwenye korido. Kwenye benchi alikaa Kengele, sasa mwanamke wa miaka ishirini na nane, mkoba mapajani, utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni, amesahau kuuvua.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Unajua hiki ni kipindi cha nani?"

"Nani asiyejua?"

"Na mtoto?"

"Anajua ana bibi. Hajui ni nani. Kila jioni anakaa chini kumsikiliza, na mimi jikoni nafungulia bomba ili nisisikie."

"Sasa umemleta wa nini?"

Akaanza kuukunja ule utepe, akaukunjua. "Nimesikia atafanyiwa upasuaji. Sauti ikitoka hairudi. Nataka mwanangu aongee naye, hata kama ni kupitia waya. Lakini yeye asijue, mama mdogo. Nakaa mtaa wa pili kutoka kwake, kibao cha ushonaji kiko barabarani, anakiona. Miaka kumi hajaja. Sitaki aje sasa kwa kuwa anaogopa kisu cha daktari. Niapie."

Nikaapa. Nilikuwa na deni lake tangu sehemu ya sitini na nane.

Ikawa hivi. Jumamosi mtoto anarekodi sehemu mbili. Jumanne na Alhamisi dada anakuja na kumkuta mtoto tayari yumo kwenye hedifoni, anamwongelesha, naye anajibu. Siku ya kwanza alisikiliza kidogo tu, akavuta hedifoni upande mmoja.

"Huyu mmemtoa wapi?"

"Shuleni."

"Anavuta pumzi kabla ya kusema 'mama'."

"Watoto wote wanavuta pumzi, dada. Wasipovuta tunaita gari la wagonjwa."

"Si namna hii," alisema, akairudisha hedifoni sikioni.

Daktari alikuwa amemkataza kuongea nje ya kazi, ili sauti iliyobaki itoshe. Alinunua daftari dogo la kuandikia. Sokoni alionyesha kwa kidole, nyumbani hakuwa na wa kuongea naye hata hivyo. Kwa hiyo katika wiki zile, mtu pekee duniani aliyeongea naye kwa mdomo, ukiniondoa mimi na ubishi wangu, alikuwa mjukuu wake. Na hakujua. Mimi nilijua. Kila Jumanne na Alhamisi nilikaa nyuma ya kioo nikijua.

Alianza kuja mapema ili asikilize sauti za mtoto mwanzo hadi mwisho, hata pale asipohusika. Alimwachia peremende za koo, zile kali za mnanaa, kwenye bahasha iliyoandikwa "Kitukutu". Mtoto akaniuliza, "Shangazi Fundi, huyu mama anafananaje?" Nikamwambia anafanana na mtu ambaye koo linamuuma. Jumamosi iliyofuata alileta picha aliyoichora kwa kalamu za rangi: mwanamke mrefu mlangoni, na koo ameliwekea plasta. Dada aliibandika ndani ya kibanda. Sheria yangu ni kwamba karatasi haziingii kule, maana zinachakarisha. Niliiacha.

Wiki ya tano nilifanya kosa.

Watoto huwa hawanyamazi kati ya sentensi moja na nyingine. Wanaeleza habari za paka, za meno, za mwalimu aliyedondoka. Yote hayo huingia kwenye rekodi, na mimi kila baada ya Jumamosi huyakata moja moja, ili mtu mzima atakayekuja asikie maneno ya kipindi tu, na ukimya wa kumtosha kujibu. Ni kazi ya kuchosha lakini ndiyo kazi. Sehemu ya mwisho ilikuwa irekodiwe na dada Alhamisi. Jumapili hospitali ikampigia: upasuaji umesogezwa, sasa ni Jumatano. Basi ikabidi aje Jumatatu arekodi zote mbili, ya Jumanne kwanza. Nilisafisha kwa haraka, nikahifadhi, na asubuhi nikaweka kwenye mashine rekodi ya sehemu ya mwisho ambayo haijasafishwa. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ningemkuta nalo mtu mwingine, ningemfukuza.

Dada alimaliza ile ya kwanza, akarudi kibandani, akavaa hedifoni, akaniinulia kidole kwamba yuko tayari. Kitukutu alikuwa amevunja sahani ya marehemu baba yake na amejificha uani. "Mama," mtoto alisema kwenye hedifoni, analia, "nimekosea." Hapo ulitakiwa kufuata ukimya. Badala yake sauti ileile ikaendelea, haina kilio tena, imechangamka:

"Shangazi Fundi, nirudie? Nimelia sana, eh? Mama aliniambia nisizidishe. Yeye akiwa mdogo alikuwa analia mpaka bibi akamwita Kengele. Bibi mwenyewe simjui. Mama anasema alikuwa anamwimbia akimsuka."

Na baada yake ikaja sauti yangu mimi, wazi kabisa: "Nyamaza, mwanangu. Hayo tumekubaliana yabaki nyumbani."

Nilikifikia kifungo cha kusimamisha nikiwa nimechelewa. Kwenye kibanda dada hakusogea. Baada ya muda akazungusha kidole hewani: rudisha. Nikarudisha. Akazungusha tena. Mara tatu alisikiliza, mkono umefunika mdomo. Halafu akaongea, kwa ile sauti aliyokuwa anaiwekea akiba.

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Wewe ulijua."

"Tangu siku ya kwanza."

"Umenikalisha hapa wiki tano na mjukuu wangu masikioni, Fundi. Ukaninyima."

"Nilimwapia mwanao." Hasira zikanipanda, na nashukuru zilipanda, kwa sababu bila hizo nisingesema. "Mimi nimekunyima wiki tano. Wewe umejinyima miaka kumi. Kibao chake cha ushonaji unakipita kila ukienda sokoni, na unajua kusoma."

Aliitazama ile picha yenye plasta. Kisha akasema, "Weka mwisho. Nimalize kazi ya watu."

Nikaweka mwisho. Kwenye skrini mama wa katuni akasimama mlangoni, mdomo ukafunguka na kufungika. Dada hakutoa sauti. Nikarudisha. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Mara ya tatu alisema "Ukikosea," akakwama. Mara ya nne hata hilo halikutoka. "Bado," nilisema kwa mazoea tu, nikatamani kuukata ulimi wangu. Mara ya saba akavua hedifoni na kuilaza taratibu kwenye meza.

"Si koo," aliniambia.

"Najua si koo."

"Siku ile niliyasema mara moja tu."

"Nakumbuka, dada. Nilikusifu."

"Leo hayatoki."

Nikazima mashine. Nikamwambia asihangaike kukipa kipaza sauti maneno hayo, ayapeleke yanakotakiwa, na mimi nitampeleka. Kwenye gari alikaa na mkoba mapajani vilevile kama binti yake kwenye benchi.

Ilikuwa saa nane mchana, mtoto yuko shule. Chumba cha mbele cha Kengele kilikuwa na cherehani dirishani, sare za shule zimetundikwa ukutani zikingoja vifungo, na mlango umefunguliwa kwa ajili ya hewa. Kengele alituona tukivuka barabara. Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio, lakini hakuinuka. Dada alifika kizingitini akaishia hapo. Mimi nilibaki nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani nisiwe na masikio mazuri.

"Kengele," alisema.

Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana, ilibidi mtu aache kupumua ili aisikie.

"Sijaja kukwambia urudi nyumbani. Sina haki hiyo. Ulikosea kosa la mtoto, mimi nikakosea la mtu mzima. Niliwaogopa watu wanaonisikiliza kuliko nilivyokupenda wewe. Kila jioni nimekuwa nawadanganya wao na wewe pia. Nisamehe. Usiponisamehe, nimekuja uyasikie kwa mdomo wangu kabla haujafungwa."

Kengele alikuwa anaangalia mshono. Vidole vyake vilikuwa vimeshikilia kitambaa palepale chini ya sindano. Mtu wa baiskeli akapita.

"Nimekusikia, mama," alisema.

Dada akangoja.

"Nimekusikia. Nenda ukapumzike. Keshokutwa una kazi kubwa." Na mguu ukakanyaga, cherehani ikaanza tena.

Tulirudi kwenye gari. Nilitaka kusema neno la kumtuliza, nikaona yote niliyonayo ni ya kwenye vipindi. Akatoa daftari, akaandika, akanionyesha: Amekonda. Ndilo jambo pekee aliloandika njia nzima.

Jumatano walimpasua. Upasuaji ulikwenda vizuri, na ile sauti ikaisha duniani.

Sasa sehemu ya mwisho ya Nyumba ya Kona ilikuwa tayari yote, kasoro sentensi yake ya mwisho. Mkurugenzi wetu, mtu mwema lakini mwenye haraka, hakuona tatizo. "Una rekodi karibu mia sita za sentensi hiyohiyo, Fundi. Chukua moja ubandike." Kweli ninazo. Na iliyo safi kuliko zote naijua ni ipi. Nilikaa peke yangu nikaifungua, sehemu ya sitini na nane, nikaisikiliza mara moja. Ilikuwa nzuri kama nilivyoikumbuka. Nikaifunga, nikamwambia mkurugenzi kwamba hakuna hata moja inayokaa. Alinitazama kwa mashaka, lakini ukali una faida zake. Hakuna mtu anayependa kubishana na mimi kuhusu sauti. Akanipa wiki tatu.

Wiki ya pili, Jumamosi, walikuja watatu. Mtoto mbele, Kengele katikati, na nyuma yao dada, amepungua, kitambaa cha bluu shingoni. Mshono wa kitambaa kile niliutambua mara moja.

Mtoto alisimama kwenye korido akamtazama bibi yake kuanzia juu mpaka chini. Nadhani walikuwa wameshatambulishana siku hiyo hiyo, kwa sababu bado alikuwa na maswali.

"Bibi, zile peremende ulikuwa unaniachia wewe?"

Dada akatikisa kichwa kukubali.

"Zilikuwa kali mno," mtoto alisema. "Lakini nilizila zote."

Kengele akanivuta pembeni. "Nilikwenda kumwona hospitali siku ya nane," alisema. "Hatukuongea. Yeye hawezi, mimi sikutaka. Nilimpima shingo nikarudi kushona. Siku ya kumi na mbili nikampelekea. Mama mdogo, usinione nimemaliza, sijamaliza. Kuna asubuhi naamka nimekasirika upya kabisa." Akamtazama mtoto. "Mwanangu anasema kipindi hakina mwisho. Naomba niseme mimi."

Sikumuuliza mkurugenzi. Nilimvua Kengele utepe wa shingoni, kwa sababu una vyuma kwenye ncha na vinalia, nikamfungia kibandani. Dada alikaa kando yangu, mtoto akasimama katikati yetu. Nikamwambia Kengele atazame midomo ya yule mama wa katuni, aanze nayo na amalize nayo.

Mara ya kwanza maneno yalitoka kwa wakati, neno kwa neno. Sauti ilifanana kabisa na ya mama yake ya miaka ile. Dada alichukua kalamu yangu mkononi mwangu akagonga kioo mara mbili.

Kengele akatikisa kichwa. "Bado, mama. Hiyo nimeisoma tu."

Akarudia. Mara ya pili, ya tatu, ya nne, kila moja ingepita kwa mtazamaji yeyote. Kila mara alisema mwenyewe, "Bado." Mara ya tano alifika "rudi nyumbani" akashindwa, akainama, akalia, akalia kwa sauti kubwa, kama alivyopewa jina. Mimi ninayewatoa watu nje kwa kuvuta makamasi karibu na kipaza sauti, nilizima taa nyekundu nikasubiri. Dada alitaka kuinuka. Nikamshika mkono. Yalikuwa ya Kengele yale, na alistahili kuyamaliza.

"Washa," alisema baadaye.

Mara ya kumi na moja hakutazama skrini. Alitazama kioo, akamtazama mama yake. Mama wa katuni alifungua mdomo na Kengele akawa bado hajaanza. Alivuta pumzi, ile pumzi, ndipo akasema, polepole, akiwa na sauti yake mwenyewe na si ya mtu mwingine yeyote:

"Ukikosea, rudi nyumbani. Mlango uko wazi."

Kwa sheria za kazi yangu rekodi ile ni takataka. Ilianza imechelewa na kumaliza mdomo wa katuni ukiwa umeshafungika. Dada aliinua kalamu, hakugonga. Kengele alikuwa ameshavua hedifoni. "Hii," alisema.

Ndiyo niliyoiweka. Kipindi kilionyeshwa Jumapili saa kumi na mbili jioni, na kabla muziki haujaisha simu ya ofisini ikalia. Alikuwa mzee mmoja, mtazamaji wa miaka mingi, amekasirika sana. Alisema kipindi kizuri vile kimeharibiwa mwishoni, maneno ya mama yamechelewa, hayakwenda na mdomo. Alitaka kujua nani aliyehusika.

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia ni kweli, maneno yalichelewa, lakini yalifika.